Waliolala Chini ya Miavuli

Walisema sitafika hata Oyugis, mji wa jirani tu, sembuse Ugiriki. Wa kwanza kusema hivyo alikuwa Mwalimu Odero, naibu wa mkuu wa shule yetu, akiwa amezama kwenye kochi la baba mdogo pale Homa Bay, kikombe cha chai gotini. Mama Seline, jirani yetu aliyekuwa akiuza samaki kwa jumla, akaongeza kwamba hata nikifika Oyugis nitarudi kwa miguu nikilia. Na baba mdogo mwenyewe, ndugu wa damu wa baba yangu, akawaomba wasinivunje moyo: Wagiriki nao wana mbuzi, na mbuzi wanahitaji mchungaji. Wakacheka mpaka chai ikamwagika kwenye vitambaa vya kochi. Nilikuwa darasa la tatu. Hadi leo naweza kukuonyesha kila mmoja alikuwa amekaa wapi.

Leo nina diploma ya utalii, na pasipoti yangu ya kwanza ilijaa mihuri nikapewa ya pili. Nimefanya kazi Ugiriki na Italia, na kule Misri nimeingia makaburi ya wafalme, nikainama palipo na mlango mfupi kama mtu mwingine yeyote. Sikupelekwa na mjomba wala mbunge. Anayeona najivuna na aone. Majivuno yangu nimeyatolea jasho. Ila sikuanza safari hizo kwa kupenda safari. Nilizianza kwa sababu ya picha moja ukutani, na watu waliocheka mbele yake.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Suna, nikapita nyuma ya mama mmoja aliyekuwa akivunja sukari nguru kwa panga. Harufu ile, tamu yenye moshi ndani yake, ilinisimamisha. Baba yangu alinukia hivyo shingoni. Alikuwa akiichukua sukari nguru kwenye mitambo midogo ya miwa upande wa Awendo, anaifunga kwa majani makavu ya migomba, anaipeleka Homa Bay, na kutoka hapo kwa boti hadi visiwani. Akirudi nyumbani Karungu nilimrukia mgongoni nikalamba ukosi wa shati lake, na mama akasema mtoto huyu siku moja atamla baba yake. Uso wake siukumbuki. Nakumbuka shingo. Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu uso ule ulikuwepo, ulikuwa umehifadhiwa, na kuna mtu aliyeutupa.

Siku moja boti yake haikufika. Ilikuwa miaka ile ambayo gugu maji lilifunga ziwa. Ukisimama ufuoni Homa Bay uliona shamba la kijani, ng'ombe nusura waingie kula. Wanaume walisukuma mitumbwi ndani ya gugu hilo siku nyingi. Walipata mbao, wakapata kandambili ya kushoto. Yeye hawakumpata. Kwetu mtu aliyemezwa na ziwa haachwi bila kaburi, kwa hiyo wazee wakakata yago, lile tunda refu na zito linaloning'inia kwenye mti wake kama mguu wa mtu, wakalivalisha shati lake, wakalilaza ndani ya jeneza na kulizika kwa heshima zote. Mama alililia tunda lile kama mume. Ndivyo inavyotakiwa, na alilia kweli.

Lakini mimi nilikuwa nimechungulia kabla jeneza halijapigwa misumari. Mtoto hufikiri moja kwa moja. Kama ndani kuna tunda, basi baba hamo. Kama hamo, yuko mahali pengine. Sikumwambia mtu.

Baada ya matanga, baba mdogo akanichukua nikasomee kwake, na watu wakamsifu. Alikuwa karani wa ofisi moja Homa Bay, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hadi mkunjo ukakata hewa, kalamu mbili mfukoni, na majirani wote walimwita Bwana Karani. Yeye na baba walifanana hivi kwamba watu wa sokoni walikuwa wakiwachanganya. Ukutani kwake sebuleni, juu ya televisheni iliyowashwa kwa betri ya gari, palikuwa na vitu viwili. Kimoja kilikuwa picha ndani ya fremu kubwa: baba na baba mdogo studioni, vijana bado, suruali pana chini, kila mmoja ameweka mkono begani kwa mwenzake. Niliiona picha ile kila siku, na kwa hiyo sikuitazama. Cha pili kilikuwa kalenda ya Ugiriki na nchi nyingine za jua, aliyoletewa na mgeni wa ofisini. Karatasi zake zilikuwa nzito, zinang'aa, na zilikuwa na harufu kali kama ya viatu vipya. Hiyo ndiyo niliyoitazama.

Ukurasa wa kwanza nilioukuta ulikuwa wa nguzo nyeupe juu ya kilima, hazina paa, na bahari ya buluu nyuma yake. Nilijua mara moja ni nini. Kwetu, mwenye boma akifa, na wanawe wote wakawa wameshatoka kwenda kujenga maboma yao, pale pa zamani huachwa, paa huanguka, majani huota sebuleni. Huitwa gunda. Nilikuwa nimeziona kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizopangwa bila udongo, na bibi alikuwa ameniambia wenyewe waliondoka zamani. Kwa hiyo niliuliza kwa adabu.

"Baba mdogo, hii ni gunda ya nani?"

"Nini?"

"Hii. Naona watoto wao wote wameshaoa wakatoka."

Alicheka sana. Jioni Mwalimu Odero alipokuja kunywa chai, baba mdogo akaniita kwa Kiswahili, maana mbele ya wageni alipenda kusikika kama yuko ofisini. "Omolo, kuja hapa. Ambia mwalimu hii ni nini."

Nikamwambia. Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka nao, nikidhani nimefaulu mtihani.

Kisha mwezi ukaisha na baba mdogo akafunua ukurasa wa ufuo.

Watu walikuwa wamelazwa mchangani kwa safu, karibu uchi, mikono ubavuni, macho yamefunikwa kwa miwani nyeusi. Juu ya kila mmoja palikuwa na mwavuli. Hakuna aliyeongea na mwenzake. Mimi nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima mwenye afya akilala mchana kweupe kando ya maji. Watu wazima niliowajua, kando ya maji walikuwa na kazi. Waliowahi kulazwa hivyo pale Karungu walikuwa wametolewa ziwani, na walikuwa wakingoja watu wao. Kwa hiyo nikaelewa kila kitu. Nchi ile ilikuwa na utaratibu. Huko waliozama hawapotei. Hutolewa, hupangwa vizuri, huwekewa mwavuli jua lisiwaharibu, mpaka jamaa afike aseme: huyu ni wetu.

Na mwisho wa safu, karibu na ukingo wa karatasi, palikuwa na mmoja mweusi kuliko wengine. Alikuwa amegeuzia uso upande wa pili. Shingo yake ilionekana.

Sijui nilikuwa napanda kiti kuifikia kalenda mara ngapi kwa siku. Nilikuwa nabandika pua kwenye karatasi nikijaribu kumzunguka yule mtu, nione upande wa pili wa kichwa chake. Siku waliponikuta nilikuwa nimejisahau. Baba mdogo aliingia na Mwalimu Odero na Mama Seline, na mimi niko juu ya kiti na viatu vyangu.

"Wewe, unatafuta nini hapo juu?"

"Baba."

Sebule ilinyamaza. Nimefikiria ukimya ule mara nyingi. Ulikuwa na nafasi ya kutosha kwa mtu mmoja tu kufanya jambo la utu.

"Baba yako yuko wapi hapo?"

"Ni huyu wa mwisho. Hajapata mtu wa kumchukua. Nikikua nitaenda kumchukua."

Baba mdogo akawageukia wageni, akafungua mikono kama mtu anayeonyesha bidhaa. "Mmesikia? Hawa ni watalii. Wanaota jua. Kijana anasema ni maiti."

"Maiti na miavuli," Mama Seline akasema, akijipiga paja. "Mimi nikifa mniwekee mwavuli, tafadhali, na miwani."

"Na huko utaenda na nani?" Mwalimu Odero akaniuliza.

"Peke yangu."

"Wewe? Wewe hutafika hata Oyugis."

Hayo mengine nimeshayasimulia. Ambacho sijasimulia ni kwamba haikuishia siku hiyo. Kila mgeni aliyeingia nyumba ile alipewa chai, mkate na mimi. "Ambia wageni," baba mdogo alikuwa akisema, na nilikuwa nasimama chini ya kalenda nieleze kuhusu miavuli, na nikikataa sipewi chakula mpaka nieleze. Ulipofunuliwa ukurasa mwingine, wa mwanamke wa jiwe jeupe asiye na mikono, nikaulizwa huyu naye ni nani. Nikajibu kile nilichokiona. Nikasema kuna mtu wao alipotea majini, wakachonga hili wazike badala yake. Ni yago yao. Mwalimu Odero alilipeleka jibu hilo shuleni siku iliyofuata. Akalitumia kuniita kwenye rejista mbele ya darasa zima, na kutoka hapo hadi nilipomaliza darasa la nane jina langu lilikuwa Yago. Hata wadogo walioingia shule mwaka wangu wa mwisho waliniita hivyo, bila kujua kwamba walikuwa wakitaja maiti ya baba yangu.

Ningeweza kusamehe vicheko. Hapana, nisidanganye, nisingesamehe, lakini ningevichoka. Lililonifanya nisichoke ni fremu.

Kalenda ilipomaliza mwaka, baba mdogo alitaka kuuweka ule ukurasa wa ufuo, kwa kuwa wageni walikuwa wameuzoea. Nyumba ilikuwa na fremu moja kubwa. Nilirudi kutoka shule nikawakuta watalii wamelala ndani ya kioo, mahali pa baba. Juu ya televisheni palikuwa na fremu nyingine ndogo, mpya, na ndani yake baba mdogo kijana, suruali pana chini, na kwenye bega lake vidole vinne vya mtu asiyekuwepo.

"Ile nusu nyingine iko wapi?" nikauliza.

"Nusu gani?"

"Ya baba."

"Ah, ilikuwa imekunjika." Alikuwa akisoma gazeti na hakuliteremsha. "Uliza mama yako mdogo, alifagia."

Mama mdogo, mkewe, alikuwa ameshachoma takataka za siku ile. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakuta jivu, kopo la maziwa lililoungua na mifupa ya samaki. Sikulia. Nilikaa pale nikajaribu kuukumbuka uso niliokuwa nikiuona kila siku, nikaona haupo, kuna suruali, kuna mkono begani, na juu ya ukosi hakuna kitu. Siku hiyo niliapa mambo mawili. La kwanza, nitafika kule kwenye miavuli. La pili, baba mdogo atanirudishia uso wa baba yangu, apende asipende.

La kwanza nililitimiza kwa kichwa changu na mikono yangu. Nilisoma mpaka nikapata diploma, nikabeba mizigo ya wageni, nikatandika vitanda, nikajifunza kuwaambia watu kwa lugha nne kwamba kiamsha kinywa kiko tayari. Siku yangu ya kwanza ya mapumziko Ugiriki nilishuka ufuoni na viatu vya kazini. Walikuwa wamelala vilevile: safu, miavuli, miwani. Nikatembea kutoka mwanzo hadi mwisho wa safu, polepole, nikitazama uso mmoja baada ya mwingine. Najua. Nilikuwa mtu mzima mwenye diploma. Mwisho wa safu alikuwa mzee mmoja aliyechomwa na jua mpaka akawa rangi ya chungu. Aliondoa miwani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

"Hapana," nikamwambia. "Nimefika tu."

La pili lilinijia katika jumba la makumbusho. Nilisimama mbele ya vichwa vya mawe vya watu waliokufa zamani kiasi kwamba majina yao hayajulikani, na kila mmoja alikuwa na uso. Mtu mwenye jina lisilojulikana ana uso. Baba yangu ana jina na hana uso. Nikafikiri juu ya jiwe, kisha nikafikiri juu ya nani hapa duniani bado amebeba ile pua na lile paji. Nilitabasamu peke yangu mpaka mlinzi akaniangalia.

Niliporudi nilifanya karamu nyumbani Karungu na nikawaalika watu wa Homa Bay kwanza kabla ya jamaa wengine. Baba mdogo alikuwa amestaafu, suruali bado zina mkunjo. Nilimketisha mbele. Mwalimu Odero nilimkabidhi pasipoti yangu nikamwomba awasomee watu mihuri. "Kwa sauti, mwalimu, kama ulivyokuwa ukisoma rejista." Akasoma. Alipofika katikati akasema macho yamechoka, nikamwambia tuna muda, aendelee.

Kisha nikatoa kamera.

"Baba mdogo, njoo hapa kwenye mwanga."

"Picha hizi zote ni za nini?"

"Za ukumbusho wa familia."

Akafurahi, akanyoosha tai. Nikamgeuza kushoto, nikamgeuza kulia, nikamwinua kidevu kwa kidole mbele ya watu. Nikapima kwa uzi kutoka sikio hadi sikio. Watoto wakakusanyika, wakaanza kucheka mzee anapimwa kama kabati. Yeye alikuwa akitabasamu, akiamini ni heshima.

Picha hizo nilizipeleka Tabaka, kwa mchonga mawe. Nilimwambia aondoe miwani, aondoe makunyanzi, arudishe nywele, ampunguzie miaka mpaka awe yule kijana wa suruali pana. Alichonga vizuri sana.

Siku ya kuweka jiwe kaburini niliwaalika watu wale wale. Nilimwomba Mwalimu Odero avute kitambaa. Alivuta, na boma zima likanyamaza, ukimya ninaoujua.

Mama Seline, uzee haujamfunga mdomo, ndiye aliyeuvunja. "Bwana Karani," akasema, "ulikufa lini na hatukuja matanga?"

Watu walicheka. Walicheka wakishikana mabega. Baba mdogo alikuwa amesimama, mkono kwenye fundo la tai, akitazamana na uso wake mwenyewe juu ya kaburi. Kwetu hilo si jambo dogo: ni kumzika mtu angali hai. Kuna watu waliorudi nyuma hatua, kama kwamba angeweza kuwagusa.

"Kuja hapa, baba mdogo," nikasema kwa Kiswahili, kile cha ofisini. "Ambia wageni huyu ni nani."

Aliyakumbuka maneno. Niliona yakimfika.

"Ni ndugu yangu," akasema.

"Jina ni la ndugu yako. Na uso?"

"Ni wangu."

"Wa kwake ulienda wapi?"

Hapo hakuna aliyecheka tena. Upepo ulikuwa ukitoka ziwani ukipeperusha kile kitambaa mikononi mwa mwalimu.

"Niliukata," baba mdogo akasema. "Nilikata picha. Nilitaka fremu."

"Ongea wasikie walioko nyuma."

Akarudia. Nilimfanya arudie, na sijuti, na nikizeeka sitajuta. Siku hiyo nilimlipa kila aliyewahi kunikopesha kicheko, nikalipa na riba yake, na hakuna anayenidai.

Mama yangu hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amekuja na fimbo yake mpaka kwenye jiwe, akapitisha kiganja kwenye paji, akashuka na pua, akakaa kwenye shavu. Miaka yote ile alikuwa mke wa tunda. "Ni yeye," akasema. "Hata hii pua." Akaomba kiti, akaketi hapo, na chakula chake tulimpelekea hapo.

Watu walipokuwa wakila, baba mdogo alinifuata upande wa ua. Alikuwa amelegeza tai. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu aliongea nami kwa sauti ya chini.

"Omolo. Uso wangu umeshauweka hapo. Na mimi siku nikifa, mtaweka nini juu yangu?"

Nje ya ua kuna mti. Ni ule ule lilikokatwa tunda la baba, na msimu ule ulikuwa umejaa, matunda yananing'inia mpaka matawi yameinama. Nikamwonyesha kwa kidevu.

"Yago bado inazaa, baba mdogo."